Haibridi ya fowili kwenye barafu: hesabu ya kupanda na ya kushuka si moja

Ndugu Mhariri,

Kila msimu wa baridi unapoingia, kurasa za magari, zenu zikiwemo, husifu gari la haibridi (lenye injini ya mafuta na mota ya umeme) linalovuta kwa magurudumu yote, yaani fowili, kuwa ndilo dawa ya vilima vyenye barafu. Nusu ya sifa hizo ni kweli. Nusu iliyobaki inawaingiza watu mtaroni, kwa sababu dereva aliyepanda bila taabu huamini kwamba atashuka vivyo hivyo. Naomba nafasi nieleze mashine hizi zinafanya nini hasa kwenye utelezi, na zinaishia wapi.

Tuanze na mshiko, maana mota, betri na kompyuta vyote vinafanya kazi ndani ya kile ambacho tairi inaweza kushika. Kwenye lami kavu kipimo cha mshiko, yaani sehemu ya uzito ambayo tairi inaweza kuigeuza nguvu ya kuvuta au ya kufunga breki, ni kama 0.8. Kwenye theluji iliyoshindiliwa hushuka hadi 0.2 au 0.3, na kwenye barafu ni 0.1 hivi. Barafu mbaya kuliko zote si ile ya baridi kali. Ni ile iliyo karibu na nyuzi sifuri, yenye utando wa maji juu yake, ambapo kipimo kinaweza kuanguka hadi 0.05. Ikifika nyuzi 15 chini ya sifuri, barafu huwa kavu na tairi hupata cha kung'ang'ania. Ndiyo maana kilima kilichopandika alfajiri kinaweza kukataa saa sita mchana, jua likishakilamba.

Sasa chukua gari la kilo 1,700, uzito wa kawaida kwa haibridi ya fowili ya ukubwa wa kati, uliweke kwenye mwinuko wa asilimia 8, yaani kila mita 100 za barabara unapanda mita 8. Uzito wake wenyewe unalirudisha chini kwa nguvu ya niutoni 1,330 hivi. Ongeza kama niutoni 170 za ukinzani wa tairi zinapoviringika, jumla ni 1,500 ili lipande kwa mwendo usiobadilika. Kwenye barafu ya 0.1, magurudumu manne kwa pamoja yanaweza kutoa niutoni 1,660. Gari linapanda, kwa tundu la sindano. Lile linalovuta mbele tu, ambalo ekseli ya mbele imebeba asilimia 57 ya uzito, lina niutoni 950 peke yake. Hilo halipandi, hata usukani aushike bingwa wa mashindano.

Kabla hamjasema "basi fowili imeshinda", rudieni hesabu hiyo na tairi nyingine. Mkilifunga gari la kuvuta mbele tairi za baridi zinazoinua mshiko kutoka 0.1 hadi 0.18, linapata niutoni 1,700. Limepita la fowili lenye tairi za kiangazi! Tena mshiko huo litakuwa nao pia wakati wa kufunga breki, jambo ambalo fowili haiwezi kulipa. Nitalirudia hilo mbele.

Kuna imani mbili nizisahihishe harakaharaka. Ya kwanza ni kwamba gari zito, kwa kuwa limebeba betri na mota, hushika zaidi mlimani. Uzito unaoongeza mshiko ndio huohuo unaolivuta gari chini, kwa hiyo hujifuta. Ya pili ni kwamba gari likipanda, uzito wote huhamia nyuma. Kwa gari lenye mita 2.69 kati ya ekseli na kitovu cha uzito kilicho kama sentimita 60 kutoka ardhini, mwinuko wa asilimia 10 huhamisha asilimia 2 hivi tu ya uzito. Magurudumu ya nyuma yana thamani kwa sababu tayari yamebeba zaidi ya theluthi moja ya gari hata kwenye tambarare, na kwenye gari la kuvuta mbele mshiko wao unakaa bure.

Neno fowili lenyewe linaficha mitambo miwili isiyofanana. Upo ule wa zamani, ambao nguvu hupita kwenye propela (mhimili mrefu unaozunguka chini ya gari) na klachi hadi difu ya nyuma, gia zinazogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Haibridi za Honda CR-V na Subaru e-Boxer zimejengwa hivyo. Na upo ule usio na propela kabisa: mota ya pili imefungwa kwenye ekseli ya nyuma, na kinachounganisha mbele na nyuma ni nyaya nene za rangi ya machungwa zinazopita chini ya gari. Toyota iliuanza mwaka 2001 kwenye Estima Hybrid kwa jina la E-Four, na ndio ulio kwenye RAV4 na Prius. Mitsubishi Outlander PHEV iliyotoka mwaka 2013 na Nissan X-Trail yenye e-4ORCE zinafuata njia hiyohiyo.

Kwenye utelezi mtambo wa mota ya nyuma una ubora wa kweli. Hauna haja ya kusubiri magurudumu ya mbele yateleze ndipo klachi ibane. Mota ya umeme hutoa nguvu ikiwa bado imesimama, na kompyuta huiongeza au kuipunguza kwa kasi ambayo injini haiwezi kuifuata. Kuondoka kwenye barafu kunataka hilo hasa: nguvu kidogo, laini, isiyo na mshtuko wa klachi wala wa gia. Isitoshe, mbele na nyuma havifungamani. Magurudumu ya mbele yakianza kuzunguka bure, ya nyuma yanaweza kuendelea kusukuma polepole kana kwamba hayana habari.

Wanunuzi hubishana sana juu ya ukubwa wa mota hiyo. Prius ya kizazi cha nne ilikuwa na mota ya nyuma ya kilowati 5.3 tu, yenye nguvu ya kuzungusha ya niutoni-mita 55, na msaada wake uliishia kwenye kilomita 70 kwa saa. Ya kizazi cha tano ina kilowati 30. RAV4 iliyotoka mwaka 2019 ina 40, na X-Trail ya e-4ORCE ina 100. Wengi huicheka ile ya 5.3 kwamba ni mota ya pampu ya kisima. Lakini turudi kwenye gari letu la kilo 1,700. Ekseli ya nyuma imebeba asilimia 43, kwa hiyo kwenye barafu ya 0.1 haiwezi kusukuma zaidi ya niutoni 715, hata mngeiwekea mota ya treni. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, niutoni 715 ni kilowati 4. Juu ya hapo tairi inateleza tu. Kwenye barafu tupu, basi, mota ndogo na mota kubwa zinakaribiana mno.

Tofauti huonekana kwenye theluji. Mshiko ukiwa 0.25, ekseli ya nyuma inaweza kutumia kama niutoni 1,790, na kwa mwendo uleule hizo ni kilowati 10. Hapo mota ndogo inaishiwa pumzi wakati tairi bado ina cha kutoa. Theluji ikiwa nene kiasi cha kufika tumboni mwa gari, au mlima ukiwa mrefu, kilowati 40 zina maana. Anayeishi penye barafu nyembamba ya lami asilipie mota. Alipie tairi.

Joto nalo ni mpaka ambao vipeperushi vya mauzo havitaji. Mota inayosukuma kwa nguvu huku gurudumu likizunguka polepole inakula mkondo mkubwa wa umeme. Dereva aliyenasa akiendelea kukanyaga mafuta, gurudumu linachimba, na mota inapata moto. Baada ya muda taa inawaka kwenye dashibodi kusema fowili imepata joto kupita kiasi na gari limerudi kuvuta mbele tu. Fikirini mahali hilo linapotokea: katikati ya mlima, baada ya magurudumu kuisugua barafu mpaka iwe kioo. Likitokea, tafuta mahali salama, weka P, vuta hendibreki, na uache mfumo ukiwa umewashwa hadi onyo liondoke. Kuzima gari na kuliwasha upya hakupoozi mota. Mtambo wa propela nao hausalimiki, kwa sababu klachi yake huungua vivyo hivyo ikilazimishwa kuteleza kwa muda mrefu.

Halafu kuna lile lalamiko maarufu: "Nakanyaga mafuta, gari halina nguvu." Mara nyingi gari si bovu. Kwenye haibridi za mtindo wa Toyota, injini, jenereta na mota kuu vimeunganishwa kwenye fungu moja la gia. Gurudumu likiteleza ghafla, mota hupaa kwa mizunguko. Likikamata tena lami, mshtuko wote hurudi kwenye gia hizo. Ili kuzilinda, kompyuta hukata nguvu mara moja. Prius za kizazi cha pili, za 2003 hadi 2009, zilijulikana kwa hili. Zilikata nguvu kwa ukali kiasi kwamba kilima kidogo chenye theluji kiliweza kuzisimamisha kabisa, huku dereva akiwa amekanyaga hadi sakafuni na hakuna kinachozunguka. Mifumo ya sasa imelainika, lakini kanuni ni ileile.

Dawa yake ni swichi ambayo wengi wanaiogopa. Kwenye magari mengi ya Toyota, ukibonyeza kitufe cha VSC OFF mara moja kwa ufupi, unazima kidhibiti cha kuteleza wakati wa kuvuta, na gari linakuwa huru kuzungusha magurudumu kidogo. Ukikishikilia kwa zaidi ya sekunde 3 gari likiwa limesimama, unazima pia kile kinachozuia gari lisipinde vibaya. Kwenye theluji laini, mzunguko kidogo wa gurudumu hutupa theluji nyuma na kuifikia ardhi, kwa hiyo kuzima kwa ule mbonyezo mfupi kunasaidia kujinasua. Kwenye barafu ngumu hakuna ardhi ya kuifikia. Mzunguko huo unaipiga barafu pasi tu, na jaribio la pili linakuwa gumu kuliko la kwanza. Zima ili utoke kwenye theluji, washa tena kabla hujashika njia. Ule mbonyezo wa sekunde 3 sioni sababu ya kuutumia kwenye barabara ya umma.

Difu nazo karibu zote, mbele na nyuma, ni za wazi: gurudumu moja likiwa juu ya barafu, nguvu hukimbilia lile lisilo na mshiko. Gari hujitetea kwa kulibana breki lile linalozunguka ili mwenzake apate. Baadhi yana hali maalumu ya njia mbaya inayofanya hivyo kwa nguvu zaidi. Inasaidia sana pale gurudumu moja la mbele na la nyuma la upande wa pili yanapokosa mshiko kwa wakati mmoja, mfano ukivuka ukingo wa theluji kwa mshazari. Lakini breki haziwezi kuumba mshiko. Upande mmoja wote wa gari ukiwa kwenye barafu na wa pili kwenye mchanga, hali hiyo itafanya maajabu. Pande zote mbili zikiwa kwenye barafu, hakuna wa kupewa.

Kupanda kwenyewe kuna utaratibu. Subiri chini hadi gari la mbele limalize mlima, kwa sababu ukilazimika kusimama katikati huenda usiondoke tena. Washa gari mapema na uache injini ipate joto. Haibridi yenye injini baridi huiwasha na kuizima kwa ratiba yake, na kuwaka kwa injini katikati ya mwinuko kunaweza kubadilisha nguvu iliyo kwenye magurudumu wakati ambao hutaki badiliko lolote. Chagua hali ya ECO, si kwa ajili ya kubana mafuta, ila kwa kuwa inalegeza kanyagio, na mguu wenye buti nene hupata nafasi ya kukosea bila madhara. Ingia kwa mwendo wa wastani utakaobaki nao hadi juu. Usukani uwe umenyooka, kwa maana gurudumu lililokunjwa linagawa mshiko wake kati ya kupinda na kuvuta. Epuka mapito yaliyong'arishwa na tairi za wengine. Theluji yenye mikwaruzo ya pembeni hushika kuliko kioo cha katikati.

Gari likigoma, ondoa mguu mara moja. Usifunge breki kwa kishindo na usigeuze usukani ukitumaini kugeuka mlimani. Weka R, achilia breki kidogo kidogo, rudi nyuma usukani ukiwa umenyooka. Katika kurudi huko magurudumu ya mbele yamepungukiwa uzito, nayo ndiyo ya kuelekeza, kwa hiyo pua ya gari huwa nyepesi kupotea kwa kosa dogo. Na kwa wale wenye mazoea ya kupanda kinyumenyume: kwenye mtambo wa Toyota injini haina gia ya kurudi nyuma. Kinachosukuma kwenye R ni mota peke yake. Kwenye barafu inatosha. Kwenye theluji nzito huenda isitoshe.

Sasa kushuka, ambako ndiko kulikonifanya nishike kalamu. Kila gari, liwe la fowili au la kuvuta mbele, lina breki kwenye magurudumu manne. Fowili haina gurudumu la tano la kuongeza. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa kwenye barafu ya 0.1, tambarare, gari linahitaji mita 63 kusimama tangu breki zinapokamata. Kwenye mteremko wetu wa asilimia 8, ambao gari la fowili liliupanda, umbali huo unapita mita 310. Ukipunguza mwendo hadi 20, ni kama mita 79. Mteremko ukiwa asilimia 10 barafu ileile haimsimamishi mtu yeyote. Gari linashuka likiwa limefungwa breki hadi likutane na kitu. Weka tairi za 0.18 kwenye mteremko wa asilimia 8, na kutoka 40 unasimama kwa mita 63, kutoka 20 kwa mita 16. Hakuna mota inayoweza kukununulia tofauti hiyo.

Haibridi ina ziada yake wakati wa kushuka, pamoja na mtego wake. Ukiachia mafuta, mota zinageuka jenereta na kulipunguza gari mwendo huku zikijaza betri. Kwenye mtambo wenye mota ya nyuma, kazi hiyo hugawanywa mbele na nyuma, na gari hutulia kuliko lile linalobanwa mbele tu. Lakini breki hiyo ya umeme ina masharti matatu.

Betri iwe na nafasi. Gari la kilo 1,700 likishuka mita 300 za wima hutoa nishati ya kilowati-saa 1.4 hivi. Betri ya haibridi ya kawaida, isiyochomekwa kwenye soketi, ina ukubwa wa kati ya 1 na 1.6, na kompyuta hutumia sehemu ya kati tu ya ukubwa huo. Kwenye mteremko mrefu, basi, inajaa kabla hujafika chini. Ikijaa, gari huizungusha injini bila mafuta ili iteketeze nguvu, na dereva husikia ikinguruma ghafla. Huo si ubovu. Ubovu ni dereva kushtuka na kukanyaga breki kwa nguvu.

Betri isiwe baridi sana. Betri za lithiamu zikichajiwa kwa nguvu chini ya nyuzi sifuri huharibika ndani, kwa hiyo kompyuta hupunguza kiasi zinachopokea. Anayelaza gari juu ya kilima na kuanza safari kwa kushuka asubuhi yuko mahali pabaya kuliko wote: betri baridi, injini baridi, tairi ngumu, na breki ya umeme aliyoizoea jana haipo leo. Ashuke akijua kwamba kazi yote ni ya breki za kawaida. Prius ya fowili ya kizazi cha nne ilitumia betri ya nikeli kwa sababu hiyohiyo ya baridi.

La tatu ndilo linalotisha watu. Gurudumu likianza kukwama na ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasikwame wakati wa breki) ikaingia, breki ya umeme huachia na kazi hukabidhiwa breki za maji. Katika makabidhiano hayo dereva huhisi kwamba gari limeruka mbele, kana kwamba breki zimekatika. Hazijakatika. Shikilia kanyagio bila kulipigapiga. Mtetemo unaousikia mguuni ni ABS ikifanya kazi yake. Anayeachia kwa hofu hupoteza mita ambazo hana.

Kuhusu gia ya B, ile inayotumia injini kulizuia gari mteremkoni, ushauri wa "weka B ukishuka" ni mzuri kwenye lami na kwenye theluji yenye mshiko, lakini kwenye barafu unahitaji akili. Kwenye mtambo wa Toyota mzigo wa injini huangukia magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayoelekeza gari. Ukibanwa ghafla kwenye kioo, yanateleza na usukani unakufa mikononi. Kama utatumia B, iweke juu, penye tambarare au kokoto, kabla pua haijainama. Usiiweke katikati ya mteremko. Gari likiwa na kidhibiti cha mteremko kinachoshika mwendo mdogo kwa kuzibana breki gurudumu moja moja, kitumie, ukikumbuka kwamba nacho kinakopa mshiko kutoka tairi zilezile. Ile hali ya gari kushika mwendo lenyewe kwa rada izimwe kabisa. Haijui kwamba barabara ni kioo.

Kabla ya kushuka, pima. Penye tambarare, hakuna gari nyuma yako, ukiwa kwenye kilomita 15 kwa saa, gusa breki. ABS ikitetemeka kwa mguso mwepesi, una barafu, na uamuzi wa kushuka unafanyika hapo hapo, si baadaye.

Tairi nimezitaja mara nyingi, basi niziweke sawa. Herufi M+S peke yake ni tamko la mtengenezaji. Alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake ndiyo inayomaanisha tairi imepimwa kwenye theluji. Mpira wa tairi za kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Meno ya tairi yakibaki milimita 1.6 sheria nyingi bado zinakuruhusu, ila kwa theluji chini ya 4 ni kamari. Funga nne zinazofanana. Ukifunga mbili mpya mbele, gari litavuta vizuri na kugeuka mkia mbele kwenye mteremko wa kwanza. Upepo nao hushuka: kila joto linapopungua nyuzi 10, tairi hupoteza takriban bar 0.1. Tairi iliyojazwa ndani ya karakana yenye nyuzi 20 itakuwa na upungufu wa bar 0.3 nje kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri.

Minyororo huwachanganya wenye fowili: mbele au nyuma? Haibridi nyingi zenye mota ya nyuma, kitabu cha gari kinaelekeza mbele tu, kwa sababu huko ndiko kwenye uzito, usukani na sehemu kubwa ya breki. Fuata kitabu, si desturi ya gari lako la zamani. Kwenye rimu kubwa minyororo huenda isiruhusiwe kabisa, maana nafasi kati ya tairi na mkono wa usukani ni finyu. Ukishaifunga, endesha nusu kilomita hadi moja, simama, uikaze upya. Usizidi kilomita 50 kwa saa, au chini ya hapo kama mtengenezaji wa minyororo amesema. Ukishuka nayo, kumbuka sasa mbele kunashika kuliko nyuma, na mkia utataka kukupita.

Kuegesha kwenye mteremko wenye barafu: penye mtambo usio na propela, P hufunga magurudumu ya mbele tu. Hendibreki hufunga ya nyuma. Bila zote mbili gari limeshikwa nusu. Geuza magurudumu ili gari likiteleza lielekee ukingo wa barabara, na weka kizuizi upande wa chini wa tairi, kwa kuwa hata yakifungwa yote manne gari linaweza kuteleza lenyewe barafu ikianza kuyeyuka chini yake. Ukinasa na kungoja msaada huku umewasha hita, kaa kwenye P. Kwenye N (gia huru) betri kubwa haichajiwi, na itaisha. Lori la kuvuta likija, liwe la kubeba gari zima. Kuburuta magurudumu ya nyuma barabarani ni kuizungusha mota, na mota yenye sumaku ikizungushwa inazalisha umeme hata gari likiwa limezimwa.

Jambo la karakana, la mwisho. Zile nyaya za machungwa na viungio vyake kwenye mota ya nyuma hukaa palepale chumvi ya barabarani inaporukia. Chumvi ikipenya kwenye kiungio, inakula waya polepole, na siku moja taa zinawaka na gari halikubali kuwaka. Osha sehemu ya chini ya gari kwa maji kila baada ya wiki chache za chumvi, na mwambie fundi mwenye ujuzi wa umeme mkubwa akague viungio hivyo baridi ikiisha. Usivifungue mwenyewe. Pia angalia tundu la hewa la kupoozea betri, ambalo kwenye magari mengi liko karibu na kiti cha nyuma. Mablanketi na makoti ya baridi hulifunika bila mtu kuona.

Mhariri, mtakapochapisha tena majaribio ya magari kwenye barafu, tafadhali msituandikie tu kwamba gari fulani limepanda mwinuko wa asilimia 12. Wekeni kando yake aina ya tairi na kina cha meno yake, joto la barafu siku hiyo, na gari hilohilo lilichukua mita ngapi kusimama likishuka pale pale.

Fundi wa magari, msomaji wenu